Altrasaundi juu ya jicho la kakangu baada ya tiba ya seli T: ni kipimo au ni mapambo?

#1 BintiKibokoni
Assalaam aleikum wanajukwaa. Kakangu ana limfoma, saratani ya tezi. Dawa za kawaida ziliposhindwa mara ya pili, tulichanga jamii nzima tukampeleka Mumbai kwa ile tiba ambayo seli T (seli za kinga) za mgonjwa mwenyewe hutolewa kwenye damu, zikabadilishwa maabarani ziweze kuitambua alama ya CD19 iliyo juu ya seli za saratani, kisha zikarudishwa mwilini mwake. Homa kali ilimshika siku ya tatu, ikatulizwa, na baada ya siku 23 tuliruhusiwa kurudi nyumbani Mombasa.

Siku ya nne tangu turudi, maneno yalianza kumpotea. Alikitaka kijiko akasema "kile cha kuchotea", na baada ya Isha akaniita kwa jina la marehemu mama. Tulimkimbiza hospitali. Mashine ya siti skani ilikuwa mbovu na tuliambiwa tungoje asubuhi. Daktari kijana wa zamu alimfumba macho, akamwekea karatasi laini ya plastiki juu ya kope, akapaka jeli, akaweka altrasaundi na kupima kitu nyuma ya jicho. Alisema kushoto ni milimita 5.8 na kulia 5.6, kwamba huenda shinikizo ndani ya fuvu limepanda, akamdunga deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe. Asubuhi kipimo cha kushoto kilikuwa 5.2 na kakangu alikuwa ametulia kidogo.

Ami yangu anasema tumeonyeshwa mapambo, kwa sababu altrasaundi ni ya waja wazito. Naomba wanaojua waniambie: kweli mashine ile yaweza kufuatilia madhara ya tiba hii kwenye ubongo?

#2 MpimaMawimbi
Pole sana dada. Mimi ni mpigaji wa altrasaundi, nina miaka kumi na moja kazini, na naweza kukuhakikishia kwamba kilichofanyika kinajulikana.

Neva ya jicho si kama neva nyingine za mwili. Ni tawi la ubongo wenyewe, nayo imevikwa ala ileile inayoufunika ubongo, na kati ya ala na neva yamo maji yaleyale yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo. Shinikizo likipanda ndani ya fuvu, maji husukumwa yakaingia katika ala hiyo, nayo hupanuka kama mfuko. Upana wake hupimwa milimita 3 nyuma ya mboo ya jicho, samahani, nyuma ya tufe la jicho (simu hii itanitia aibu siku moja). Watu wengi wazima wenye afya huwa chini ya milimita 5. Mpaka wa hatari hutofautiana kati ya watafiti, baadhi wakiuweka kwenye 5 na wengine wakiusogeza hadi karibu 6. Kwa hiyo 5.8 ni namba ya kumwamsha daktari mkubwa usingizini, ingawa haitoshi peke yake kumwambia kuna nini.

#3 AmiMakadara
Mimi si yule ami wa dada, lakini naunga mkono maneno yake. Tofauti ya 5.8 na 5.2 ni milimita 0.6, upungufu ambao hata fundi wa mbao pale Bondeni hawezi kuuona bila miwani. Mashine yaweza kuwa ya kweli na namba isiwe ya kweli. Swali langu ni moja tu: aliyepima usiku ndiye aliyepima asubuhi?

#4 BintiKibokoni
La. Asubuhi alikuwa daktari mwingine, mama mtu mzima.

#5 AmiMakadara
Basi.

#6 MpimaMawimbi
Ami hajakosea kwa hilo, ila amekimbilia kuhitimisha. Ni kweli kwamba mikono miwili tofauti yaweza kuachana kwa sehemu kadhaa za kumi za milimita, hasa ikiwa mmoja amekata picha kwa mshazari na mwingine amekata katikati ya neva. Ndiyo maana hupimwa mara mbili au tatu kila jicho, kwa wima na kwa ulalo, kisha wastani ukachukuliwa. Mkono wa mpimaji huegemezwa kwenye paji la uso au mfupa wa pua ili jicho lisikandamizwe, na mashine huwekwa kwenye mpangilio wa macho, ambao hupunguza nguvu ya mawimbi, kwa kuwa jicho halivumilii nguvu inayotumika tumboni. Dada, ukipata nafasi uliza iwapo picha zilihifadhiwa. Namba bila picha ni kama risiti bila muhuri.

#7 Muuguzi_Mtongwe
Niruhusuni niseme jambo ambalo mashine imelifunika. Madhara haya ya neva kwa waliopewa seli T hayafuatiliwi kwanza kwa mashine yoyote. Hufuatiliwa kwa maswali. Kuna kipimo cha alama 10 kilichokubaliwa na wataalamu mwaka 2019: alama 4 za kujua mwaka, mwezi, mji na hospitali, alama 3 za kutaja vitu vitatu anavyoonyeshwa, moja ya kutii agizo, moja ya kuandika sentensi, na moja ya kuhesabu kutoka 100 kurudi nyuma kwa makumi. Mwandiko ndio huharibika mapema, mara nyingi kabla ya jamaa kugundua lolote. Kakako aliposema "kile cha kuchotea" alikuwa tayari amepoteza alama ya kutaja vitu, na hapo hapakuhitajika jeli.

Je, Mumbai walikuwa wakimwandikisha?

#8 BintiKibokoni
Naam, kila asubuhi na kila jioni, na daftari ninalo. Alichagua mwenyewe sentensi "Nyumba yetu iko karibu na msikiti wa Mandhry". Kurasa zote ni safi isipokuwa siku ya sita, ambapo neno "karibu" limeandikwa mara tatu na mstari umeteremka hadi ukingo wa karatasi kama mtu aliyesinzia akiandika. Siku ya nane mwandiko ukarejea. Tulipofika hapa hakuna aliyemwandikisha, nami sikujua kwamba ningepaswa kuendelea.

#9 Muuguzi_Mtongwe
Basi alikwisha kuwa nayo kule, siku ya sita, na hilo lapaswa kuandikwa kwenye faili lake huku. Mpeleke daktari daftari lenyewe, usimsimulie.

#10 KhatiZaKale
Kwa mnasaba wa kuandikisha wagonjwa, nitoe kisa. Babu yangu alilazwa kwa jambo jingine kabisa, akaombwa aandike sentensi ili wajue akili yake iko vipi. Aliandika Kiswahili kizuri kwa khati za Kiarabu, kama alivyofunzwa chuoni utotoni, kutoka kulia kwenda kushoto. Muuguzi, mgeni wa pwani, akaandika kwamba mgonjwa "amechora mistari isiyosomeka" na akampa sifuri. Babu hakuwa na kasoro ila hasira.

#11 Muuguzi_Mtongwe
Nimecheka na nimeona haya kwa niaba ya wenzangu. Lakini hilo ni jambo zito. Mfano wa sentensi uliotolewa na Wamarekani katika kipimo hicho unahusu ndege wa taifa lao, tai. Mgonjwa wetu apimwe kwa lugha anayoiota usiku, vitu avijue kwa majina ya nyumbani kwake, na alama zilinganishwe na zake mwenyewe za kabla ya tiba, si na za mtu wa Philadelphia.

#12 BabaZuhura
Nasaha zenu zimenikumbusha ya mamangu. Yeye alikuwa akipata pembrolizumab kwa saratani ya mapafu. Baada ya duru ya pili kope zilianguka, akaona vitu viwili viwili, na shingo ikashindwa kubeba kichwa. Mahali pa kwanza tulipompeleka, ambapo sitapataja, walisema ni kiharusi wakaturudisha nyumbani na aspirini. Siku mbili baadaye alikuwa akiongea kwa pumzi fupi ilhali kile kidude cha kidoleni kilikuwa kikionyesha oksijeni 97. Hospitali ya pili, daktari alimwekea altrasaundi ubavuni upande wa kulia, akamwambia avute pumzi, akatuonyesha ule utando mweusi kati ya mistari miwili myeupe. Ulipaswa kunenepa mama anapovuta hewa, nao ulitoka milimita 2.0 ukafika 2.2 tu. Alilazwa usiku huohuo katika chumba cha wagonjwa mahututi. Kwa hiyo Ami, mimi sitaki kusikia neno "mapambo".

#13 MwanafunziWaTiba
Shukrani kwa kisa hicho, Baba Zuhura, ila tusichanganye tiba mbili, maana uzi huu utawapotosha wanaokuja baadaye. Seli T za kakake dada ni seli hai zilizotengenezwa, zinazozaana mwilini na kumwaga kemikali za uchochezi, na madhara yake ya neva huukumba ubongo: kupoteza maneno, kuweweseka, degedege, na kwa wachache ubongo kuvimba. Mwaka 2016 majaribio ya tiba iliyoitwa JCAR015 yalisimamishwa Marekani kwa sababu ya vifo vya kuvimba ubongo. Pembrolizumab si seli. Ni kingamwili inayoondoa breki iliyozizuia seli T za mgonjwa, ugunduzi uliowapa James Allison na Tasuku Honjo tuzo ya Nobel mwaka 2018. Madhara yake ya neva ni machache, ila yakija mara nyingi hushambulia neva za pembeni, misuli, na makutano ya hivyo viwili, kama yaliyompata mama.

Kwa hiyo altrasaundi ni ileile, lakini maswali ni tofauti. Kwa seli T unaangalia jicho na mishipa ya damu ya ubongo. Kwa dawa za kuondoa breki unaangalia kiwambo (ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, aliouonyeshwa Baba Zuhura) na misuli mingine. Unene wa kiwambo ukiongezeka kwa chini ya asilimia 20 mtu anapovuta pumzi, huhesabiwa kuwa ni dhaifu. Mama yake Zuhura alikuwa na asilimia 10.

#14 BabaZuhura
Ni nyanya yake Zuhura, si mama yake. Mengine umesema sawa.

#15 MwanafunziWaTiba
Samahani. Niongeze kwamba oksijeni 97 isimhadae mtu, kwa kuwa misuli ya kupumua ikichoka, hewa chafu hujikusanya kwanza na oksijeni hushuka mwisho. Vilevile, mtu wa aina hiyo achunguzwe moyo, kwani misuli ya moyo huweza kushambuliwa pamoja na ya macho na ya kifua, na hapo ndipo wengi hufariki.

#16 AmiMakadara
Nimekubali kuhusu kiwambo, kwa sababu hicho kinaonekana kikinyanyuka au kikikataa. Kuhusu jicho bado nina shaka, nami nitaieleza vizuri. Kijana alitoka safarini. Ana homa? Amepimwa malaria? Sisi tuko Pwani, na mtu aliyepotewa na akili akiwa na homa, mbu ndiye mshukiwa wa kwanza hata kama amepewa seli za dhahabu.

#17 BintiKibokoni
Homa ilikuwa 38.4. Kipimo cha haraka cha malaria hakikuonyesha kitu. Leo mchana majibu mengine ya damu yametoka: chumvi ya sodiamu ilikuwa 122 usiku ule.

#18 MwanafunziWaTiba
Hiyo 122 inavuruga mambo yote. Sodiamu ya kawaida ni 135 hadi 145, na ikishuka kwa kasi maji huingia katika seli za ubongo zikavimba, mtu akachanganyikiwa, na ala ya neva ya jicho yaweza kupanuka vilevile. Ala haijui jina la ugonjwa. Kwa mtazamo wangu, sodiamu yatosha kueleza kila kitu tulichosimuliwa.

#19 Muuguzi_Mtongwe
Kila kitu isipokuwa ukurasa wa siku ya sita. Wapo ambao madhara haya huwarudia au huwachelewa hadi wiki ya tatu au ya nne, na hiyo ndiyo sababu ya wagonjwa kuambiwa wakae wiki 4 karibu na hospitali iliyowatibu. Ninyi mliondoka siku ya 23. Sisemi kwa kulaumu. Najua vyumba vya kupanga kule havingoji.

#20 MpimaMawimbi
Marekebisho madogo: Marekani walipunguza muda huo hadi wiki 2 mwaka 2025. Lakini wao wakisema "karibu na hospitali" wana maana ya mwendo wa saa mbili kwa gari, nasi baina yetu na Mumbai kuna bahari nzima.

Na kama ni kweli kwamba ilikuwa deksamethasoni iliyomtuliza, hilo lingeelekea kwenye seli T.

#21 MwanafunziWaTiba
Laiti ingekuwa rahisi hivyo. Deksamethasoni hushusha homa ya chochote, na usiku huohuo bila shaka aliwekewa maji ya chumvi kwenye mshipa. Dada, aliwekewa?

#22 BintiKibokoni
Aliwekewa chupa mbili. Sikuuliza za nini.

#23 FundiSelimundu
Nimefuata uzi kimya, sasa niingie. Hakuna aliyeigusa Dopla ya kichwa. Chombo hiki, alichokitambulisha Rune Aaslid wa Norway mwaka 1982, hutumia mawimbi ya megahezi 2 yanayopenya mfupa mwembamba mbele ya sikio na kupima kasi ya damu katika mishipa ya ubongo. Mwanangu ana selimundu na hupimwa hivyo. Tangu utafiti mkubwa wa 1998 inajulikana kwamba mtoto mwenye selimundu ambaye damu yake hukimbia sentimita 200 kwa sekunde au zaidi yumo hatarini kupata kiharusi, na kuongezwa damu mara kwa mara humkinga. Watafiti wa Kilifi nao, miaka ya 1990, waliitumia kwa watoto wenye malaria ya ubongo. Kwa hiyo wanaosema ni mambo ya ughaibuni waangalie kaskazini kidogo tu ya daraja la Nyali. Kwa kakako, Dopla ingeonyesha kama damu inaingia ubongoni kwa kusukumana na shinikizo: kilele hubaki juu na kasi ya mapumziko ya moyo hushuka.

#24 MpimaMawimbi
Naiheshimu Dopla, ila kwa mgonjwa huyu ina mitego mitatu. Kwanza, takriban mtu mzima mmoja kati ya kumi hana dirisha la mfupa linalopitisha mawimbi, na idadi huzidi kwa wanawake wazee na kwa watu wa asili yetu. Pili, homa huikimbiza damu. Tatu, upungufu wa damu huikimbiza pia, na wagonjwa wa seli T karibu wote wana damu pungufu kwa sababu ya dawa wanazopewa kabla ya kurudishiwa seli. Ukikuta kasi imepanda, utasema ni ubongo, kumbe ni himoglobini 7.

#25 FundiSelimundu
Ndiyo maana hupimwa kila siku na mtu yuleyule. Mwelekeo ndio unaosema.

#26 MamaMapacha_Kisauni
Mimi si mtaalamu, nauliza tu. Watoto wangu walipokuwa wachanga, mkunga alinifundisha kugusa utosi: ukibonyea ni maji yamepungua, ukifura ni hatari. Je, hii ya jicho ndiyo utosi wa mtu mzima?

#27 MpimaMawimbi
Bi Mama Mapacha, umeieleza kuliko nilivyoieleza mimi katika mistari yote ile. Utosi wa mtu mzima umefunga, kwa hiyo tunachungulia kupitia jicho. Tofauti ni kwamba mkunga hugusa utosi wa mtoto huyohuyo tangu azaliwe, ilhali jicho la kaka huyu hakuna aliyelipima kabla hajaugua. Huenda 5.2 ndiyo kawaida yake. Huenda ni 4.6. Hatujui tunarudi wapi.

#28 AmiMakadara
Hatimaye mtu wa mashine amesema nilichotaka kusema tangu namba 3, na amesema kwa heshima zaidi.

#29 Muuguzi_Mtongwe
Na mimi niongeze upande wa pili wa shilingi hiyo: jicho likiwa la kawaida pia lisiwatulize. Wengi wenye madhara mepesi ya neva baada ya seli T hawana shinikizo lolote, na hata picha za MRI hutoka safi. Anayengoja ala ipanuke ndipo aamini kwamba mgonjwa amepotewa na maneno atakuwa amechelewa.

#30 BintiKibokoni
Nashukuru nyote. Siti skani ilifanyika jana: hakuna damu, na daktari anasema ubongo "huenda umejaa kidogo", maneno ambayo sikuyaelewa wala hakuyafafanua. Sodiamu imefika 131. Daktari kijana amerudi zamu, nikamwomba apime tena yeye mwenyewe na ahifadhi picha. Amepata 5.4 kushoto na 5.3 kulia. Hospitali ya Mumbai wamesoma ripoti na wanasema ni madhara ya seli T yaliyochelewa. Daktari mkubwa wa hapa anasema ni sodiamu. Wote wawili wanataka deksamethasoni iendelee kwa siku chache.

Leo asubuhi nilimpa daftari. Aliandika "Nyumba yetu iko karibu na msikiti", akasita, akaniuliza "msikiti gani vile?", kisha akaandika "wa Mandhry" kabla sijamjibu.

#31 MwanafunziWaTiba
5.4 ni juu kuliko 5.2 ya yule mama mtu mzima, ilhali mgonjwa ni bora. Ama mkono, ama mgonjwa. Arudiwe kupimwa malaria kwa darubini, si kwa kile kijiti peke yake.

#32 KhatiZaKale
Binamu yangu anasafiri kwenda kwa tiba hiyohiyo mwezi ujao. Nimemwandikia MpimaMawimbi faraghani, na Alhamisi nampeleka akapimwe macho yote mawili akiwa mzima, picha zihifadhiwe, tuzibebe.

#33 AmiMakadara
Na aanze daftari lake siku hiyohiyo. Kwa khati aipendayo.